Kasha la Speratus

Swali lilitoka kwa binti wa miaka 19, katika darasa la Biblia ninaloliongoza kila Jumamosi. Tulikuwa tunasoma waraka wa pili kwa Timotheo, tumefika mahali pale ambapo kila mhubiri hupanukuu: "Kila andiko, lenye pumzi ya Mungu, lafaa kwa mafundisho." Akanyoosha mkono. "Mwalimu, Paulo anamwambia Timotheo habari za maandiko aliyoyajua tangu utoto. Hayo ni Agano la Kale. Sasa nani alikuja kusema kwamba hata barua hii yenyewe ni andiko?"

Nilimjibu papo hapo. Nilimwambia maaskofu walikutana Nikea mwaka 325, chini ya mfalme Constantine, wakavichambua vitabu na kupitisha vile tulivyo navyo. Darasa likaandika. Mimi nikarudi nyumbani na moyo mzito, kwa sababu nilipojiuliza nimelisoma wapi jambo hilo sikupata jibu. Nililisikia tu, kama wengi walivyolisikia.

Miezi iliyofuata niliitumia kusoma, na nilichokikuta ndicho kimenifanya niandike. Nikea ilikuwa na shughuli nyingine. Ilishughulikia mafundisho ya Arius kuhusu Mwana wa Mungu, tarehe ya kuadhimisha Pasaka, na mgawanyiko wa Meletius huko Misri, kisha ikatoa kanuni 20 za nidhamu ya Kanisa. Hakuna hata moja kati ya kanuni hizo inayotoa orodha ya vitabu vya Biblia. Hadithi ya Nikea kuchagua vitabu imo katika maandishi ya Kigiriki ya karne ya 9, zaidi ya miaka 500 baada ya mtaguso wenyewe, yaani ule mkutano wa maaskofu. Yanasimulia kwamba vitabu vyote viliwekwa karibu na altare, watu wakaomba, na asubuhi vile vya kweli vikakutwa juu na vya uongo chini.

Jumamosi iliyofuata niliomba radhi darasani. Kosa la tarehe lingesahihishwa kwa sentensi moja. Lililoniumiza ni ile picha niliyokuwa nimeipanda vichwani mwao: wakubwa wameketi mezani, wanapiga kura, na Neno la Mungu linatoka pale likiwa na muhuri wa serikali. Kijana akiamini hivyo, ana kila haki ya kuuliza kwa nini na sisi tusiketi tukapiga kura nyingine.

Basi tuliianza upya safari yetu, na tukaanzia miaka 145 kabla ya Nikea.

Tarehe 17 Julai mwaka 180, mjini Carthage, pwani ya kaskazini mwa Afrika, Wakristo 12 kutoka mahali paitwapo Scilli walisimamishwa mbele ya liwali Saturninus. Wanaume 7, wanawake 5. Majina ya baadhi yao, kama Nartzalus na Cittinus, hayana sauti ya Kirumi. Kumbukumbu ya kesi yao ni fupi kiasi kwamba tuliisoma yote darasani kabla kikombe cha chai hakijapoa, nayo ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kikristo katika lugha ya Kilatini. Liwali hakuwa mkali. Aliwaahidi msamaha wa mfalme iwapo wangerudi katika akili timamu, akataka kuwapa siku 30 wafikiri. Katikati ya mahojiano akauliza jambo la pembeni: mna nini ndani ya kasha lenu?

Speratus, msemaji wao, akajibu: vitabu, na nyaraka za Paulo, mtu mwenye haki.

Liwali hakuendelea na habari hiyo. Akataja zile siku 30, wao wakakataa, wakakatwa vichwa siku ile ile. Lakini mimi kasha lile nimeshindwa kuliacha. Hakuna mtaguso uliokuwa umewaelekeza watu hawa nini cha kuweka ndani yake. Orodha ya kwanza tunayoifahamu yenye vitabu vyote 27 vya Agano Jipya, bila kuzidi wala kupungua, ingekuja miaka 187 baadaye. Hata hivyo siku ya kufa kwao walikuwa na barua za Paulo. Kati ya vitu vyote ambavyo mtu angeweza kuchukua akiitwa na liwali, wao walichukua hivyo.

Barua hizo ziliwafikiaje? Paulo mwenyewe ndiye aliyeifungua njia. Aliwaapisha Wathesalonike kwamba waraka wake usomwe mbele ya ndugu wote. Aliwaagiza Wakolosai wakishausoma wao wahakikishe unasomwa Laodikia, nao wausome ule utokao Laodikia. Barua iliyosomwa kwa sauti katika ibada ilinakiliwa, nakala ikasafiri, ikasomwa kwingine, ikanakiliwa tena. Waraka wa pili wa Petro tayari unazungumzia "nyaraka zake zote" kana kwamba wasomaji wanajua ni fungu gani la barua linalosemwa, na unaziweka pamoja na "maandiko mengine." Ipo nakala ya mafunjo ya Misri, ya karibu mwaka 200, ambayo ndani yake nyaraka za Paulo zimeshonwa pamoja kama kitabu kimoja, Waebrania ikifuata mara baada ya Warumi. Karatasi zake leo zimegawanyika, nyingine Dublin, nyingine katika Chuo Kikuu cha Michigan. Mtu aliyeishona alikuwa na hakika kwamba vitu hivi vinakaa pamoja.

Marcion, mwalimu wa karne ya 2 aliyehesabiwa mzushi, nitampitia upesi, kwa kuwa naona hupewa sifa kubwa kuliko anayostahili. Alitoka Sinope kwenye Bahari Nyeusi, akafika Roma akiwa tajiri wa meli, akalitolea kanisa zawadi ya sesterti 200,000, fedha ya Kirumi. Mwaka 144 kanisa lilimtenga na kumrudishia fedha zake zote. Alilikataa Agano la Kale zima, akabaki na Injili moja, ya Luka, iliyopunguzwa, na barua 10 za Paulo. Wapo wanaosema kwamba Kanisa lilijitungia orodha yake ili kumjibu. Lakini mkasi hukata kitambaa kilichokwisha kufumwa. Wakristo waliomkataa walimkataa kwa sababu waliona kinachokosekana. Irenaeus wa Lyon, aliyemsikiliza Polycarp, askofu wa Smirna, katika ujana wake, aliandika karibu na mwaka ule ule wa kasha la Speratus kwamba Injili ni nne, haziwezi kuwa zaidi wala pungufu, kama zilivyo pepo nne za dunia. Hoja ya pepo hainishawishi sana, lakini naiona kuwa hoja ya mtu anayetafuta uzuri ndani ya jambo alilolikuta tayari. Hakuna anayeanza na pepo nne kisha akaenda kutafuta Injili za kutosha.

Anayenifundisha zaidi ni Serapion, askofu wa Antiokia mwishoni mwa karne ile ya 2, mtu ambaye wengi hawajalisikia hata jina lake. Alizuru kanisa la Rhossus, mji mdogo wa pwani ya Shamu, akakuta waumini wanabishana juu ya kitabu kilichoitwa Injili ya Petro. Hakuwa amekisoma. Aliwaamini watu wake kuwa ni wenye imani njema, akasema kama hilo ndilo tu linalowagombanisha, basi kisomwe. Baadaye akaambiwa kwamba kuna uzushi uliojificha nyuma yake. Akakiazima kutoka kwa watu waliokuwa wakikitumia, akakaa nacho, akakisoma chote. Akaona kwamba sehemu kubwa inapatana na mafundisho ya kweli ya Mwokozi, ila kuna mambo yameongezwa. Akawaandikia Rhossus kuyaorodhesha, na kuwaambia wamtazamie, anakuja.

Katika barua hiyo, ambayo mwanahistoria wa Kanisa Eusebius ametuhifadhia kipande chake, Serapion anasema kwamba Petro na mitume wengine wanapokewa kama Kristo mwenyewe, bali maandishi yanayobeba majina yao kwa uongo anayakataa, kwa sababu anajua kwamba hayo hayakupokewa kutoka kwa waliotangulia.

Ni askofu wa mmoja wa miji mikubwa kabisa ya mashariki. Angeweza kusema, "Nimekataza, basi." Anatoa sababu, na sababu yake ni kwamba yeye ni mpokeaji. Hana kitu cha kuongeza. Ile ruhusa yake ya kwanza, aliyoitoa kwa upole na kwa haraka, aliifuta mwenyewe alipokutana na maandishi yenyewe. Nami niliyejibu kwa haraka darasani naona nimempata mwalimu.

Tertullian, mwandishi Mkristo wa Carthage, anasimulia kisa kinachokaribiana na hicho. Mzee mmoja wa kanisa huko Asia aliandika kitabu cha matendo ya Paulo, akakitoa kwa jina lisilo lake. Alipobanwa alikiri kwamba alifanya hivyo kwa kumpenda Paulo. Wakamvua wadhifa wake. Huwa namwonea huruma mzee huyo. Ni wazi alimpenda mtume, na huenda kitabu chake kilikuwa na mengi ya kujenga. Ila kanisa lake liliona kwamba kumpenda mtume hakumpi mtu ruhusa ya kumsemea.

Sasa nije kwenye mwaka 303, ambako nilikaa muda mrefu kuliko pengine popote.

Mwezi Februari mwaka huo mfalme Diocletian alitoa amri kwamba makanisa yabomolewe na Maandiko yachomwe moto. Naomba msomaji asimame kidogo kwenye uamuzi huo. Serikali ya Rumi ilitafakari namna ya kuua imani, ikaona pa kupiga ni kwenye vitabu. Watawala wale hawakuwa na mafundisho yoyote juu ya mamlaka ya Maandiko, lakini walikuwa wamewatazama Wakristo kwa karibu wakajua wanachoishi kwacho.

Tarehe 19 Mei amri hiyo ilitekelezwa Cirta, mji wa Numidia ambao leo uko Algeria na unaitwa Constantine. Karani aliandika kila kitu, na karatasi zake zilisomwa mahakamani miaka 17 baadaye, ndiyo maana tunazo. Msimamizi wa mji, Munatius Felix, alifika kwenye nyumba ambamo Wakristo walikuwa wakikutanika, akamwambia askofu Paulus alete maandiko ya sheria yao. Paulus akajibu kwamba maandiko wanayo wasomaji, yaani wale waliopewa kazi ya kuyasoma ibadani, lakini tulichonacho hapa tunakitoa. Wakaanza kuhesabu: vikombe 2 vya dhahabu, vikombe 6 vya fedha, taa 7 za fedha, kanzu 82 za kike, shela 38, kanzu 16 za kiume, jozi 13 za viatu vya kiume na jozi 47 za viatu vya kike. Ukiisoma orodha hiyo unaliona kanisa zima. Hizi ni nguo za kuwavika maskini na wajane. Kwenye makabati ya vitabu hakukuwa na kitu.

Kisha mashemasi wadogo wawili, Catullinus na Marcuclius, wakatoa kitabu kimoja kikubwa sana. Felix akauliza, mbona kimoja tu? Wakasema vingine wanavyo wasomaji. Akawataka wawataje wasomaji hao. Wakajibu: sisi si wasaliti, tuko hapa, amuru tuuawe. Wakakamatwa. Lakini tayari askofu wao alikuwa ameshasema kwamba makarani wa mji wanawajua wasomaji wote, na makarani wakawataja. Nyumba kwa nyumba. Eugenius alitoa vitabu 4. Felix, fundi wa sakafu za vijiwe, alitoa 5. Victorinus 8. Proiectus vikubwa 5 na vidogo 2. Victor, mwalimu wa shule, 2 pamoja na mafungu 4 ya kurasa. Mwishoni wakafika kwa Coddeo, hayupo. Mke wake akaleta vitabu 6. Munatius Felix akamwambia atafute kama vipo vingine. Mwanamke akasema hakuna. Akatumwa mtumwa wa serikali aingie kupekua, akatoka akasema hakuona.

Darasani palikuwa kimya. Tulihesabu pamoja: vitabu 33, katika mji mmoja, vyote vilivyonakiliwa kwa mkono, vimefichwa chini ya paa za fundi, mwalimu na wake wa watu. Tulikuwa tumezoea kuuliza Biblia ilitoka kwenye mtaguso gani. Hapa tunaiona ilikokuwa ikikaa.

Waliotoa vitabu waliitwa *traditores*, kutokana na kitenzi cha Kilatini *tradere*. Kiswahili kinalo neno linalokaribiana nalo, kukabidhi. Unamkabidhi mrithi amana ya baba yake, na unamkabidhi adui silaha zako. Mkono ni ule ule, anayepokea ndiye tofauti. Kitenzi hicho hicho ndicho kilichotumika katika Biblia ya Kilatini pale Paulo anapowaambia Wakorintho, "naliwatolea ninyi hapo mwanzo yale niliyoyapokea mimi mwenyewe," na ndicho kilichozaa jina la Kilatini la mapokeo, *traditio*. Ndicho pia kinachotumika kwa Yuda pale anapomsaliti Bwana wake. Na katika Warumi 8 ndicho kinachomhusu Mungu, ambaye hakumwachilia Mwana wake "bali alimtoa kwa ajili yetu sisi sote." Biblia yetu ya Kiswahili inalazimika kutumia maneno tofauti, kutoa na kusaliti, na inafanya vizuri. Ila kwa Mkristo wa Cirta aliyesoma Kilatini, mapokeo na usaliti vilikuwa vimezaliwa tumbo moja.

Si wote waliokabidhi. Felix, askofu wa Thibiuca, alipoulizwa kama ana Maandiko alijibu kwamba anayo lakini hayatoi, akauawa mwaka huo huo. Mensurius wa Carthage, kwa mujibu wa maelezo yaliyotufikia, aliyaficha Maandiko na kuacha ndani ya kanisa vitabu vya wazushi ili askari wavichukue, na wengine hawakumsamehe ujanja huo. Huko Abitinae askofu Fundanus alikuwa amevitoa vitabu. Waumini wake wakaendelea kukutanika bila yeye, wakakamatwa mwaka 304. Mmoja wao, msomaji Emeritus, aliyekiri kwamba ibada ilifanyika nyumbani kwake, aliulizwa kama ana Maandiko yoyote. Alijibu: ninayo, lakini moyoni mwangu.

Ningependa hadithi iishie kwa Emeritus. Haikuishia hapo, na kuificha sehemu inayofuata kungekuwa kuwadanganya wanafunzi wangu mara ya pili. Mateso yalipokoma, ikaibuka vita ya nani alikabidhi na nani hakukabidhi. Caecilian aliwekwa wakfu kuwa askofu wa Carthage, wapinzani wake wakadai mmoja wa waliomwekea mikono, Felix wa Aptunga, alikuwa msaliti wa vitabu. Uchunguzi wa serikali ulimsafisha Felix mwaka 315, lakini moto ulikuwa umeshawaka. Wapinzani hao, wakiongozwa na Donatus, walijitenga, na Afrika Kaskazini ikawa na askofu dhidi ya askofu, altare dhidi ya altare, kwa zaidi ya karne. Walipokutanishwa Carthage mwaka 411, kila upande ulileta maaskofu zaidi ya 270. Pande zote mbili zilisoma Injili zile zile na zaburi zile zile. Watu waliokuwa tayari kufa wasikiachie kitabu kinachosema "ili wote wawe na umoja" hawakuweza kuketi pamoja kukisoma. Jambo hili linanihuzunisha kila nikilifikiria, na sina dawa yake ya kumpa mtu.

Orodha zenyewe zilikuja baada ya mateso hayo. Mwaka 367 Athanasius, askofu wa Aleksandria aliyekuwa amefukuzwa mjini kwake mara 5, aliandika barua yake ya kila mwaka ya kutangaza Pasaka, na humo akavitaja vitabu 27 vya Agano Jipya, akaviita chemchemi za wokovu. Vingine, kama Mchungaji wa Herma na Mafundisho ya Mitume, alisema vinafaa kwa wanaojiandaa kubatizwa, lakini haviko kwenye kanoni, yaani orodha ya vitabu vinavyokubaliwa kuwa Maandiko. Mitaguso ya Hippo mwaka 393 na Carthage mwaka 397 ilitoa orodha ile ile ya vitabu 27. Ukiitazama ya Carthage unaona kovu la mjadala wa zamani: inahesabu nyaraka 13 za Paulo, kisha inaongeza, kama kwa mkono wa pili, moja ya kwake kwa Waebrania. Na sababu wanayoitoa maaskofu wale ni fupi. Wanasema vitabu hivi ndivyo tulivyovipokea kutoka kwa baba zetu vya kusomwa kanisani.

Tulivyovipokea. Nilipolikuta neno hilo nilimkumbuka Serapion, miaka 200 nyuma. Mtaguso ulikuwa na uwezo wote wa kusema "tumeamua," ukasema "tumepokea."

Augustine, askofu wa Hippo, alikuwepo Carthage. Ni yeye aliyeandika, akibishana na wafuasi wa dini ya Mani, kwamba asingeiamini Injili kama mamlaka ya Kanisa Katoliki yasingemsukuma. Ni yeye pia aliyemwandikia Jerome, mtafsiri wa Biblia kwa Kilatini, kwamba amejifunza kuvipa vitabu vya kanoni peke yake heshima ya kuamini kwa uthabiti kuwa hakuna mwandishi wake aliyekosea. Wengine wote, hata wawe watakatifu vipi, anawapima. Sentensi ya kwanza Wakatoliki wameitumia dhidi ya Waprotestanti kwa karne 5, na ya pili Waprotestanti wameitumia dhidi ya Wakatoliki. Mimi ni Mprotestanti, na nimekoma kumkata Augustine vipande viwili. Kuna wale Wasamaria waliomwamini Yesu kwanza kwa neno la mwanamke aliyetoka kisimani, kisha wakamwambia: "Sasa tunaamini, wala si kwa sababu ya maneno yako tu, maana sisi tumesikia wenyewe." Bila mwanamke yule wasingefika. Wala si yeye aliyempa Yesu uwezo wa kuwa Mwokozi wa ulimwengu. Hivyo ndivyo ninavyolielewa Kanisa na Maandiko yake, na hivyo ndivyo nilivyomjibu binti yule.

Na waumini wa kawaida walikuwa na masikio. Mwaka 403 Augustine alimsimulia Jerome kilichotokea Oea, mji wa pwani ambao leo ni Tripoli. Askofu wa pale alisoma kitabu cha Yona katika tafsiri mpya ya Jerome. Walipofika kwenye ule mmea uliomtia Yona kivuli, ambao Biblia yetu inauita mtango, Jerome alikuwa amebadilisha jina walilolizoea. Ghasia zikazuka kanisani, na askofu alilazimika kulirudisha neno la zamani ili asibaki bila watu. Kwenye suala la mmea huenda walikosea. Lakini hilo ni kanisa ambalo, ukigusa neno moja la nabii, watu wanasimama.

Kuhusu Agano la Kale sitajifanya kwamba mambo yamekwisha. Biblia yangu ina vitabu 66. Ya jirani yangu Mkatoliki ina 73, kwa kuwa mtaguso wa Trento mwaka 1546 ulithibitisha pia Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira na vingine ambavyo Carthage nayo ilikuwa imevitaja. Kanisa la Othodoksi la Ethiopia huhesabu 81. Luther alipochapisha Agano Jipya la Kijerumani mwaka 1522 aliziweka Waebrania, Yakobo, Yuda na Ufunuo mwishoni bila namba, na kuusema waraka wa Yakobo kwamba ni wa majani makavu ukilinganishwa na mingine. Lakini aliutafsiri. Aliuchapisha. Mtu aliyethubutu kusimama mbele ya mfalme huko Worms hakuthubutu kuutupa waraka mmoja aliokabidhiwa. Hili halisemwi mara nyingi tunapomsimulia Luther, na kwangu lina uzito kuliko maneno yake makali.

Katika kikao chetu cha mwisho juu ya habari hizi binti yule alirudi kwenye kasha. Alitaka kujua ni barua zipi hasa za Paulo zilizokuwemo. Nikamwambia karani wa Carthage hakuandika, liwali hakuuliza tena. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi tusome moja kama walivyokuwa wakiisoma." Alichagua Filemoni, kwa kuwa inatosha kusomwa kwa mara moja. Tukafunga Biblia zetu, maana katika makanisa yale wengi walisikiliza tu, akasimama peke yake na kuisoma, aya zote 25, kuanzia "Paulo, mfungwa wa Kristo Yesu."